Kigeuzio na Kivusho: Majina ya Vifaa Viwili vya Fundi wa Kufuli

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuhusu kufunga. Tuna kufuli, neno tulilopewa na Kiarabu. Tuna kitasa na komeo. Tuna ufunguo, ambao ajabu yake ni kwamba umezaliwa na kitenzi fungua wala si funga, ingawa kazi zote mbili unazifanya wenyewe. Huku Kivu tunaongeza kadena kutoka Kifaransa. Lakini mlango ukishafungwa na ufunguo ukapotea, maneno yanatuishia. Fundi anayelifungua kufuli bila ufunguo na bila kuliharibu hushika vyuma viwili kwa wakati mmoja, na mara nyingi huhitaji cha tatu. Hakuna kamusi niliyofungua iliyoniambia vyuma hivyo vinaitwaje.

Katika makala haya nitashughulika na viwili kati ya hivyo: kile kinachokigeuza kiini cha kufuli wakati pini zinachokolewa, na kile chenye springi kinachokirusha kiini kikavuka mahali pa kufungia. Nitaeleza jinsi ya kuvichagua na jinsi ya kuviita kwa pamoja, kwa sababu mambo hayo hayatengani. Mwanafunzi aliyepewa jina baya huchagua chuma kibaya, au huchagua chuma kizuri akakitumia vibaya.

Data yangu imetoka Sange, kwenye barabara iendayo Uvira kutoka Bukavu, katika uwanda wa Ruzizi. Mjomba wangu ni fundi huko; anatengeneza baiskeli, redio na makufuli, na nilikaa naye likizo mbili nikiandika maneno yake na ya vijana wanaojifunza kwake. Sange inafaa kwa uchunguzi wa aina hii. Sokoni utasikia Kifuliiru, Kirundi, Kiswahili chetu cha Kivu na Kifaransa cha vipuri, vyote katika bei ya kitu kimoja. Tena ni mahali ambapo watu wamekimbia mara nyingi. Katika vita hivi visivyokwisha, familia zimekuwa zikifunga mlango kwa kufuli, kuvuka mto kwenda Burundi na kuondoka na ufunguo. Ufunguo hupotea njiani au kambini. Nyumba ikipona, hubaki imefungwa. Wanaporudi, mtu wa kwanza wanayemhitaji ni fundi. Anaweza kulikata kufuli kwa msumeno wa chuma na kumaliza kwa dakika chache, lakini hapo mama aliyerudi mikono mitupu atalala na mlango usiofungika. Ndiyo sababu mjomba hujaribu kwanza njia ya pili.

Kufuli ninalozungumzia ni lile la pini, ambalo Linus Yale mdogo wa Marekani alilipatia hataza mwaka 1861 na tena 1865, na ambalo leo limo katika milango mingi na makadena mengi. Ndani yake mna silinda ndogo inayozunguka, nitaiita kiini. Kiini kimekaa ndani ya ganda. Maneno haya hayahitaji ufafanuzi kwa mtu aliyewahi kumenya yai la kuchemsha. Pini zimepangwa katika matundu yanayotoka kwenye ganda na kuingia kwenye kiini, kila pini ina vipande viwili, na springi ndogo huisukuma kuelekea kiini. Kipande kimoja kikikaa nusu ndani ya ganda na nusu ndani ya kiini, kiini hakizunguki. Ufunguo wa kweli huisogeza kila pini mpaka mkato wake ulingane na mpaka wa kiini na ganda, na hapo kiini kiko huru.

Sasa, hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yaliyonyooka kabisa. Ukikigeuza kiini kidogo tu, pini moja hubanwa kabla ya wenzake. Unaichokoa hiyo kwa mchokoo, inafika mpakani, kiini kinasogea unywele mmoja, na pini nyingine inabanwa. Unaendelea hivyo hadi ya mwisho. Watazamaji huangalia mkono wenye mchokoo, kwa kuwa ndio unaocheza. Kazi yenyewe iko katika mkono wa pili, ule unaoonekana kana kwamba umelala.

Kitendo hiki nakiita kutegua. Wasomaji wa kitivo chetu wanaijua jozi ya tega na tegua, sawa na ziba na zibua, kunja na kunjua, panga na pangua. Ni ile -u- ya kutendua ambayo Kiswahili cha pwani kimeibakiza bila l, huku sisi Kivu tukisema bado kufungula. Mtego hutegwa na kuteguliwa. Kitendawili hutegwa na kuteguliwa. Siku hizi hata bomu huteguliwa. Kufuli la pini ni mtego wa aina hiyo hiyo: vitu vidogo vilivyopangwa vikingoja kosa lako. Anayetegua mtego hauvunji, na anaweza kuutega tena. Nitarudi kwenye tofauti hii, maana iliwahi kumlaza mjomba mahali pabaya.

Tuanze na chuma cha kugeuzia. Vijana wawili wa karakana waliosoma video kwenye simu walikuwa wakikiita chuma cha mkazo, kwa kufuata Kiingereza. Kwetu sisi wa idara ya lugha mkazo ni jambo la silabi ya pili kutoka mwisho, lakini hilo si tatizo kubwa. Neno linaweza kuwa na kazi mbili. Tatizo ni kwamba nyuma ya mkazo kuna kitenzi kaza, na kukaza ndiko wanakofanya kila siku kwenye nati za baiskeli. Nilimwona mmoja wao akiambiwa "kaza kidogo". Alisikia kaza, kidogo hakikumfikia. Chuma kilipinda. Ukigeuza kwa nguvu, pini zote hubanwa pamoja, vidole havihisi kitu, na mchokoo unakwaruza ovyo. Ukigeuza kwa unyonge kupita kiasi, pini ulizokwisha kuziweka zinarudi chini ya msukumo wa springi zake. Nguvu inayotakiwa ni karibu ile ya kukifungua kitabu kipya bila kuuvunja mgongo wake. Mjomba hasemi kaza hata siku moja. Anasema "ibembeleze".

Kiingereza chenyewe kimekosea, kwa kuwa kinasema habari ya kuvuta ambapo hakuna kinachovutwa, kitu kinageuzwa. Kifaransa kinasema entraîneur, neno lile lile la kocha wa mpira, na nadhani kimekaribia zaidi: chuma hiki kinakiongoza kiini na kukingoja. Nilifikiria kitenzi nyonga, kwa sababu ndicho kinachoeleza vizuri msokoto wa mkono. Lakini kinyongo ni chuki ya moyoni na kinyonga ni mnyama wetu wa rangi nyingi, na sitaki fundi aombe kimoja akaletewa kingine. Basi nimechukua geuza na kuunda kigeuzio, kama kifutio kilivyoundwa kutokana na futia. Kigeuzio ni kifaa; kubembeleza ni namna ya kukitumia. Nashauri maneno haya mawili yafundishwe pamoja.

Katika kukichagua, jambo la kwanza ni kukaa kwake ndani ya tundu. Ncha ikicheza hata kidogo, mkono hausikii tena kiini, unasikia mchezo wa chuma. Ndiyo maana fundi huwa na vigeuzio kadhaa vya unene tofauti, kuanzia kama milimita 0.8 hadi 1.2, na huvijaribu kimoja kimoja kabla hajagusa pini. Chuma kinachofaa ni cha springi, chenye kurudi kikipindwa. Mjomba hutumia ukanda ulio ndani ya mpira wa kufutia kioo cha gari. Unapatikana kwa makanika yeyote barabarani, una unene unaofaa, na hauna bei ya kutisha. Huunoa polepole na kuuchovya majini mara kwa mara, kwa kuwa moto ukizidi chuma kinakuwa laini kama waya wa uzio. Spoku ya baiskeli, ambayo kila mtoto hudhani ndiyo dawa, ni mviringo: inateleza ndani ya tundu.

Kuna vigeuzio vilivyosokotwa katikati ili viwe na mnesonneso. Huuzwa vikisifiwa kwamba vinamsaidia anayeanza, na kweli vinameza nguvu za mkono mzito. Lakini vinameza pia habari. Pini inapofika mpakani, kiini husogea kidogo mno, na kigeuzio kigumu hukuletea msogeo huo hadi kwenye kidole. Kile cha mnesonneso huubakiza njiani. Mimi ningemwanzisha mwanafunzi kwa kigumu na kumwacha ateseke wiki moja. Makadena yenye springi ya kukirudisha kiini ni habari nyingine: huko ni lazima uishinde springi hiyo kwanza, ndipo pini zianze kubanwa, kwa hiyo kigeuzio chembamba hakifai.

Jambo la pili ni mahali pa kukiweka, na hapa lugha imeleta fujo kubwa kuliko chuma. Maelekezo karibu yote yanayosomwa na vijana yametoka Marekani, nayo yanasema kuna kigeuzio cha chini ya tundu na kigeuzio cha juu ya tundu. Kile cha chini kina ncha iliyokunjwa kama herufi L. Ni rahisi kukitengeneza, lakini kinakula nafasi ya mchokoo. Kile cha juu ni bapa, kinakaa mdomoni mwa tundu kwenye upande wa pini bila kuifikia pini ya kwanza, na kinaliacha tundu lote lililobaki kwa mchokoo. Katika tundu jembamba ni hiki cha pili kinachofaa, mradi unene wake ulingane barabara na mdomo.

Ila "juu" na "chini" ni vya mlango wa Kimarekani, ambao pini zake ziko juu ya kiini. Milango yetu imefuata desturi ya Ulaya. Silinda yake ina kichwa cha mviringo juu na mguu mwembamba chini, na pini zimo katika huo mguu, zikisukumwa kwenda juu. Kijana aliyesoma "weka juu" anaweka upande usio na pini, kisha anashangaa. Na kadena? Kadena linaning'inia, tundu lake linatazama ardhi. Ukilishika mkononi juu yake ni popote unapotaka. Wanaisimu tunajua kwamba maneno ya mahali humtegemea msemaji na mahali aliposimama, lakini mara chache tunaona jambo hilo likimzuia mtu kuingia nyumbani kwake.

Pendekezo langu ni kuuacha mlango na kuutazama ufunguo. Kila mtu anajua kwamba ufunguo una meno na una mgongo. Basi tundu nalo lina upande wa meno, ambako pini ziko, na upande wa mgongo, ulio mkabala wake. Kigeuzio cha meno ni kile bapa. Kigeuzio cha mgongo ni kile cha L. Kufuli ukilipindua, ukalining'iniza au ukalifunga kwenye mlango wa Ulaya, maneno haya hayabadiliki. Niliwajaribu vijana wanne wa karakana kwa makadena matatu na silinda moja ya mlango, na baada ya maelezo hayo hakuna aliyeuliza tena juu ni wapi. Wanne ni wachache, najua.

Kifaa cha pili hakijulikani sana, na kwa milango yetu ni cha lazima kuliko vitabu vya kigeni vinavyosema. Vitabu hivyo hukieleza hivi: wakati mwingine kufuli hukubali kuteguka kwa kugeukia upande usiofungua. Kiini kimezunguka, lakini ulimi wa mlango haukurudi. Ukikirudisha polepole, kikipita mahali pake pa kawaida pini zitaingia tena na kazi yote imepotea. Kwa hiyo unatia kifaa chenye springi iliyokwisha kusokotwa, unaiachilia, na kiini kinaruka ng'ambo ya pili kabla springi ndogo za pini hazijawahi kuzisukuma.

Kwetu shida ni pana zaidi. Mlango mwingi wa mjini na wa barabarani hufungwa mara mbili, yaani ufunguo unazungushwa mizunguko miwili. Umetegua pini, umegeuza upande ulio sahihi kabisa, umezunguka mzunguko mmoja kamili, na hapo unarudi mahali pa pini. Zinaingia. Unaanza upya kwa ajili ya mzunguko wa pili. Mtu asiye na kifaa hiki anautegua mlango mmoja mara mbili au zaidi, jua likizama na watoto wamekaa juu ya mizigo. Hata nusu ya mzunguko ina hatari yake: tundu la ufunguo lenyewe hupita mbele ya pini, na pini zinaweza kujitumbukiza humo. Kwa sababu hiyo mjomba hatoi chuma chote ndani ya tundu mpaka mlango uwe wazi.

Kwa jina, vijana walikuwa wamependekeza kizungushi. Silipendi. Kuzungusha ndiyo kazi ya ufunguo, na feni nayo inazungusha. Kifaa hiki hakizungushi kwa maana hiyo; kinafanya kitendo kimoja cha kasi mahali pamoja penye hatari, kisha kimemaliza. Kinavusha. Watu wa Ruzizi hawahitaji kuelezwa maana ya kuvuka. Nimekiita kivusho, kutokana na vusha, na jina hilo linamwongoza mnunuzi moja kwa moja kwenye maswali ya kuuliza. Je, kinavusha pande zote mbili, kushoto na kulia? Kama ni upande mmoja tu, usikinunue. Je, springi yake ni ya kasi au ni ya nguvu tu? Kasi ndiyo inayovusha. Nguvu bila kasi huzipa pini muda wa kurudi. Je, ulimi wake unaingia katika tundu jembamba na kukishika kiini bila kuteleza? Na je, una pa kushika imara? Springi ikifunguka mkononi mwako badala ya ndani ya kufuli, umevusha kidole chako.

Cha mjomba kimetengenezwa kwa springi ya saa ya mezani iliyokufa. Hakipendezi kwa macho. Lakini kabla ya kukiachilia huwa anaegemeza bega mlangoni ili ulimi wa kitasa usisugue fremu, na hilo peke yake, asema, ni nusu ya kivusho.

Nilipowasilisha maneno haya katika semina yetu, swali la kwanza lilikuwa lile nililolitarajia: je, siwafundishi wezi? Swali hili ni la zamani. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Charles Hobbs alikwenda London wakati wa Maonyesho Makuu akalifungua kufuli la Bramah, lililokuwa limewekwa dirishani kwa miongo mingi pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayeliweza. Ilimchukua saa 51 katika muda wa siku 16. Watu walikasirika, naye alikuwa na jibu kwamba wezi wa kazi hiyo wanajua tayari kuliko sisi tunavyoweza kuwafundisha. Kwa uwanda wetu ningeongeza tu kwamba mwizi hana subira ya kubembeleza pini. Ana nondo.

Swali ninaloliona zito zaidi ni la maneno yanayomngoja fundi huyu mbele ya wengine. Lugha nyingi zimekitia kifaa chake jina lenye shaka. Kifaransa kinakiita rossignol, ndege aimbaye usiku. Kijerumani kinakiita Dietrich, jina la mtu. Mitaani Tanzania husikika ufunguo malaya, ufunguo usio na mlango mmoja. Sheria ya jinai ya Kongo, iliyoandikwa kwa Kifaransa, inauadhibu kwa ukali zaidi wizi uliofanywa kwa effraction, escalade au fausses clefs: kwa kuvunja, kwa kukwea, kwa funguo za uongo. Katika Kiswahili cha kila siku tumebaki na vitenzi viwili, fungua na vunja.

Jioni moja mjomba alikuwa akilishughulikia kadena la mama mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Burundi. Shefu wa avenue alifika na tochi.

"Fundi, munavunja?"

"Hapana, papa, tunafungula."

"Ufunguo uko wapi?"

Hapakuwa na ufunguo. Na kama hapana ufunguo, hawafungui; kama hawafungui, wanavunja. Mantiki ya shefu haikuwa na kasoro, lugha ilimpa milango miwili tu. Katika kituo kimoja maelezo ya mama yaliandikwa kwa Kifaransa na mtu mwenye haraka, neno kuvunja likawa effraction, na mjomba akalala huko. Asubuhi mama aliliomba lile kadena liletwe mezani. Lilikuwa zima, halina mkwaruzo, likafungwa na kutegulia mbele ya wote. Ofisa alilitazama, akauliza kama mjomba anaweza kuja kuliangalia kabati lake.

Tangu siku hiyo mjomba hagusi kufuli la mtu kabla shefu na majirani wawili hawajaitwa, na humtaka mwenye nyumba aeleze kilichomo ndani kabla mlango haujafunguka. Nimemwandikia pia karatasi ndogo yenye sentensi mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kifaransa. Ya Kiswahili inasema: "Ninategua kufuli hili mbele ya mwenyewe, bila kulivunja." Ya Kifaransa ilinisumbua zaidi, kwa sababu crocheter, kitenzi chake cha kawaida, kinanuka wizi, nimetumia ouvrir sans dégât, kufungua bila kuharibu, ambayo ni maelezo tu, si neno. Anayejua neno bora anipe.

Karatasi anayo mfukoni. Vyuma vyenyewe, anapomtuma kijana dukani kuvileta, bado anaviita kile chembamba na kile cha saa.